Wachezaji weusi hawakuanzia miaka ya 1970 katika soka la Uingereza

Wengi huamini kwamba wachezaji weusi walianza kuonekana kwenye soka la Uingereza miaka ya 1970, hasa Viv Anderson alipoichezea timu ya taifa mwaka 1978. Anderson kweli alikuwa mweusi wa kwanza katika timu ya wakubwa ya England. Lakini viwanjani, weusi walikuwapo karibu miaka mia moja kabla yake.

Atakayetengeneza filamu ya habari hii aipeleke kamera Darlington, mji mdogo wa kaskazini mwa England. Hapo ndipo Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra mwaka 1865, alipoanza kudaka mwaka 1885. Alikuja kusomea kazi ya umisionari, michezo ikamteka. Mwaka 1886 alishinda ubingwa wa mbio za yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, na mwaka 1889 Rotherham Town ikamsajili kwa malipo. Hivyo anatambuliwa kuwa mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa. Baadaye alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Alifariki 1930, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 1997. Aibu kubwa, kwa maoni yangu.

Hata hivyo, tusimwite mweusi wa kwanza kabisa. Andrew Watson, mzaliwa wa Guyana, alikuwa nahodha wa Scotland mwaka 1881 ilipoifunga England 6-1 jijini London. Yeye alicheza bila kulipwa.