Nani hulipia safari ya baiskeli ya hisani?
Wengi huamini kwamba anayeendesha baiskeli kuchangisha pesa za hisani, tuseme kutoka Land's End, Uingereza, hadi John o' Groats, Uskoti, yapata kilomita 1,400, anasafiri kwa pesa za wachangiaji. Si lazima iwe hivyo. Wengi hujilipia malazi, chakula, mipira ya akiba na nauli ya treni ya kurudi, na mchango wote ukaenda kwa shirika la hisani. Ila zipo safari za kundi ambapo mshiriki huahidi kukusanya kiwango fulani cha chini, na gharama za safari hukatwa humo humo. Hilo ni halali likitangazwa. Kulificha ni kumkosea aliyetoa. Kabla hujachanga, muulize mwendeshaji waziwazi: safari unailipia wewe au sisi?