Je, wajua kwa nini vidonge vya vitamini E havilindi mishipa ya mwenye kisukari?

Ukiuliza bei ya karafuu kwenye maduka ya Usita wa Mui, Lamu, huenda ukaambiwa bila kuuliza kwamba zinasafisha mishipa ya moyo. Dai hilo lina mzizi. Karafuu zilikuwa miongoni mwa vinara wa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani la antioksidanti za vyakula, yaani viambato vinavyozuia kemikali kali zenye oksijeni zisidhuru seli. Mwaka 2012 wizara ililiondoa: kipimo cha maabara hakikuonyesha kinachotokea mwilini.

Hoja yenyewe ilikuwa tamu. Mwenye kisukari cha usugu wa insulini, yaani ambaye mwili wake hauitikii insulini vizuri, hubaki na sukari na mafuta mengi damuni. Seli zikiyachoma hutoa superoksaidi, mojawapo ya kemikali hizo kali, nayo hudhuru mishipa. Basi si ameze kizuizi, yaani antioksidanti kama vitamini E? Utafiti wa HOPE, uliochapishwa mwaka 2000, ulihusisha watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi wakiwa na kisukari. Nusu walipewa yuniti 400 za vitamini E kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Kwa takriban miaka minne na nusu, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha hata moyo kushindwa kazi kukiongezeka kidogo kwa waliomeza vitamini.

Tatizo ni mahali na kasi. Utando wa ndani wa mshipa hutoa nitriki oksaidi, inayouambia msuli wa mshipa ulegee. Ifikirie nitriki oksaidi kama kijana aliyetumwa mtaa wa Mkomani kutoka mtaa wa Langoni, hapo Lamu, akakamatwa na superoksaidi angali kichochoroni. Vitamini E ni askari aliyepangwa gatini: yuko kazini kweli, analinda mafuta ya utando wa seli, ila kisa kimetokea kichochoroni. Vitamini C yuko karibu zaidi, lakini superoksaidi humdaka kijana kwa kasi inayozidi maelfu ya mara ile ya kunaswa na askari huyo.

Wanaokula matunda, kunde na mboga kwa wingi huugua moyo kwa uchache, hilo limeonekana mara nyingi. Kusema sifa ni ya antioksidanti ni kuharakisha; kuna nyuzinyuzi, kuna potasiamu, na huenda walaji hao hawavuti sigara. (Juisi ya embe iliyotiwa sukari haimo humu.)

Mchicha una njia yake nyingine kabisa ya kuisaidia mishipa. Una nitrati, ambazo bakteria wa ulimini huzigeuza kuwa nitriti, na mwili ukapata nitriki oksaidi humo. Ndiyo maana kusukutua kwa dawa kali ya kuua vijidudu huikatiza njia hiyo.