Nishani Isiyoandikwa: Dhana Potofu Kuhusu Kumbukumbu za Askari wa Zamani wa Marekani

Kila familia ya mtu aliyetumikia jeshi la Marekani ina karatasi moja inayoaminiwa kuliko zote: DD-214, hati anayopewa askari anapotoka jeshini. Ilianza kutumika mwaka 1950, na ndiyo inayotakiwa na mwajiri, benki inayotoa mkopo wa nyumba, hospitali na ofisi ya makaburi ya wanajeshi. Kwa sababu inaaminiwa hivyo, kosa lililomo ndani yake nalo huaminiwa. Mzee anajua alijeruhiwa, wenzake wanajua, kovu lipo, lakini sehemu ya nishani iko tupu. Baada ya muda hata watoto wake huanza kunong'ona kwamba huenda mzee alikuwa akitia chumvi. Jambo hili linaniuma. Linatuhusu pia sisi wazungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa wapo vijana waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo wakahamia Marekani, wakavaa sare za nchi hiyo, na sasa wanatoka jeshini wakiwa na hati zao mkononi.

"Kama haimo kwenye DD-214, basi hakuipata"

Si kweli. DD-214 ni muhtasari uliochapwa na karani katika siku za mwisho za askari jeshini. Karani huyo hakuwa naye vitani. Aliandika alichokikuta kwenye faili siku ile. Wakati wa vita vya Vietnam iliwezekana kabisa askari awe ameshapanda ndege ya kurudi nyumbani ndipo amri ya nishani yake itiwe saini, na nakala isifike kwenye faili lake kamwe.

Tena zipo tuzo zilizokuja baada ya hati kuandikwa. Amri ya Jumla namba 8 ya mwaka 1974 ya Jeshi la Nchi Kavu iliwapa wanajeshi wa vikosi vilivyokuwa chini ya kamandi za Marekani nchini Vietnam tuzo ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa wa Vietnam, ule wenye jani la mtende. Aliyetoka jeshini mwaka 1969 asingeweza kuwa nayo kwenye hati yake, hata karani wake angekuwa makini namna gani. Ndivyo ilivyo pia kwa Nishani ya Utumishi wa Ulinzi wa Korea. Bunge la Marekani liliipitisha mwishoni mwa 2002, lakini inawahusu waliotumikia Korea Kusini kuanzia tarehe 28 Julai 1954, ikiwa walikaa siku 30 mfululizo au siku 60 kwa jumla. Na kwa waliopigana Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Nchi Kavu liliamua mwaka 1947 kwamba aliyepata beji ya vita ya askari wa miguu au ya tabibu wa vitani kati ya tarehe 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 anastahili Bronze Star pia. Wengi walirudi mashambani na viwandani bila kusikia habari hiyo. Nishani hiyo haikuwafuata nyumbani, ilibidi waiombe.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba kuna kosa, soma miaka ya utumishi na mahali alipokuwa mtu wako, kisha ulinganishe na tuzo zilizoidhinishwa baadaye. Mara nyingi hati haikukosewa, ila imepitwa na wakati.

"Faili liliungua St. Louis, hakuna la kufanya"

Moto wenyewe ni wa kweli. Usiku wa manane, tarehe 12 Julai 1973, jengo la Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi mjini St. Louis, Missouri, lilishika moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hayakuwa na nakala mahali pengine. Lakini neno "liliungua" limekuwa likitajwa hata pale lisipohusika. Waliopoteza zaidi ni wa Jeshi la Nchi Kavu waliotoka kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960, ambao asilimia 80 hivi ya mafaili yao yalipotea, na wa Jeshi la Anga waliotoka kati ya Septemba 1947 na mwanzo wa 1964, ambao walipoteza asilimia 75 hivi, tena wale tu ambao majina yao kwa mpangilio wa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Kama baba yako alikuwa Marine, au baharia, au alitoka jeshini mwaka 1971, ukaambiwa faili lake liliungua, uliza tena, na uulize kwa maandishi.

Hata kwa walioguswa na moto, kazi ya kuunganisha vipande inafanyika kila siku. Zipo ripoti za kila asubuhi za kikosi, zilizoandika nani amefika, nani amelazwa, nani amejeruhiwa. Zipo karatasi za malipo ya mwisho. Mwaka 1988 zilipatikana pia kumbukumbu za kulazwa hospitalini za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na vya Korea, na hizo zimewasaidia watu wengi waliokuwa wakitafuta uthibitisho wa jeraha. Ukiwasilisha ombi, andika kila unachokijua: namba ya askari, kikosi hadi kombania, mwezi wa tukio, hospitali. Ombi lisilotaja kikosi humwacha mtafutaji gizani. Na kama jina liliandikwa kwa namna mbili tatu, jambo linalotupata sana sisi wenye majina ya Kiafrika, ziweke zote.

"Jaza DD-149, upeleke kwenye bodi, mambo yataisha"

DD-149 ni fomu ya kuiomba bodi ya jeshi irekebishe kumbukumbu za askari. Hapa ndipo watu wengi hupoteza mwaka mzima au zaidi. Upungufu wa nishani unaweza kuwa na sababu tatu zilizo tofauti kabisa, na kila moja ina mahali pake pa kupeleka shauri.

Ya kwanza: ushahidi umo ndani ya faili, ila hati haikuutaja. Hapo hakuna kesi. Unaandika ombi la kawaida, kwa fomu SF-180 au kupitia mtandao wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ukieleza kwamba unaomba tuzo zihakikiwe. Wao wakithibitisha, kitengo cha jeshi husika hutoa nishani.

Ya pili: tuzo ilistahili au ilitolewa, lakini ofisi za chini zimekataa au haziwezi kuirekebisha. Hapo ndipo DD-149 inapoingia. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi yake. Jeshi la Majini na Marine wana moja. Jeshi la Anga lina yake, na Walinzi wa Pwani nao wana yao. Wanaoamua ni raia, si maofisa wenye sare, na wanaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako. Ukienda kwao bila kupitia ofisi za chini, karatasi zako zitarudi zilivyo.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: askari alifanya tendo la ushujaa, lakini hakuna aliyewahi kumpendekeza, au pendekezo lilipotea. Hapo hakuna kumbukumbu ya kurekebisha, kwa maana tuzo yenyewe haijawahi kutolewa. Njia ni kifungu cha 1130 katika juzuu ya 10 ya sheria za Marekani, kinachoruhusu mbunge au seneta kuliwasilisha pendekezo hata kama muda wa kisheria umekwisha. Askari hawezi kujipendekeza mwenyewe. Lazima apatikane mtu aliyeshuhudia, na ikiwezekana kamanda wa wakati ule, pamoja na maelezo ya mashahidi yaliyotiwa saini.

Anayedhani hilo haliwezekani aitazame habari ya Paris Davis. Akiwa kapteni wa Kikosi Maalumu, mtu mweusi katika jeshi la 1965, alipigana Bong Son nchini Vietnam tarehe 17 na 18 Juni mwaka huo, akajeruhiwa, akakataa kuondoka mpaka amewatoa wenzake. Makaratasi ya kumpendekeza kwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, yalipotea zaidi ya mara moja. Watu waliopigana pamoja naye hawakunyamaza, na tarehe 3 Machi 2023 akavishwa nishani hiyo Ikulu ya Marekani, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Wanne kati ya watano ambao ningewatafuta kwanza kama ningekuwa na kesi ya namna hii si mawakili bali ni wenzake wa kikosi walio hai, na ningewatafuta leo, maana umri hausubiri.

"VA inamlipa kwa jeraha lile, kwa hiyo Purple Heart ni yake"

VA, yaani Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani, ina kazi yake, na jeshi lina yake. VA hairekebishi DD-214. Tena kipimo chake ni kingine: inauliza kama jeraha au ugonjwa ulitokana na utumishi. Aliyeanguka kwenye ngazi kambini anaweza kulipwa. Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, inataka mambo matatu kwa pamoja: jeraha litokane na kitendo cha adui, lihitaji matibabu ya tabibu wa jeshi, na matibabu hayo yawe yameandikwa. Barua ya VA peke yake haitoshi, na bodi zimekuwa zikikataa maombi yaliyotegemea hiyo tu. Kinachosaidia ni karatasi ya hospitali ya wakati ule, simu ya maandishi iliyotumwa kwa wazazi kuwaarifu kuwa mtoto wao amejeruhiwa, orodha ya majeruhi ya kikosi. Maneno ya wenzake yana uzito pia, ila huwa na nguvu zaidi yanaposimama kando ya karatasi hata moja ya siku zile.

Picha ya askari akiwa amevaa tepe kifuani inaweza kukuonyesha pa kuanzia kutafuta. Bodi haihesabu kuwa ni uthibitisho.

"Kikosi kilitunukiwa, basi naye alitunukiwa"

Inategemea tarehe. Katika Jeshi la Nchi Kavu, tuzo ya kikosi kama ile ya Rais huwa ya kudumu kwa aliyekuwamo wakati wa tukio lenyewe. Aliyejiunga baadaye huivaa akiwa ndani ya kikosi tu, akihama anaivua. Kwa hiyo tarehe ya kuwasili na ya kuondoka ni muhimu kuliko jina la kikosi.

Kuna pia cheti cha kutambua utumishi wa Vita Baridi, kwa waliotumikia kati ya Septemba 1945 na Desemba 1991. Ni cheti kizuri cha kuning'iniza ukutani. Si nishani, na hakiingizwi kwenye DD-214.

"Muda umepita, au mwenyewe ameshafariki"

Sheria inataja miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, lakini bodi ina mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na imefanya hivyo kwa maombi ya miongo mingi nyuma. Eleza tu kwa uwazi kwa nini umechelewa. Mjane, mtoto au ndugu wa damu anaweza kuomba kwa niaba ya marehemu, akiambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa udugu. Baada ya miaka 62 tangu askari atoke jeshini, faili huwa wazi kwa mtu yeyote: unalipia nakala, na nishani zenyewe unanunua kwa muuzaji binafsi.

Kuhusu ada, kuomba kwenye bodi hakuna malipo. Vyama vya askari wa zamani kama American Legion, VFW na DAV vina watu waliofunzwa wanaosaidia bure. Mtu akikutoza maelfu ya dola kwa kujaza DD-149, ondoka. Kesi ngumu ya kisheria inaweza kuhitaji wakili, lakini utepe wa Korea hauhitaji.

"Ni vyuma tu, havibadilishi chochote"

Nishani nyingi haziongezi senti kwenye malipo. Purple Heart ni tofauti: humweka mtu kundi la 3 la kipaumbele katika hospitali za VA, na kwa aliyeipata tangu tarehe 11 Septemba 2001, humpa haki kamili ya masomo chini ya sheria iliyoanza kutumika Agosti 2018. Aliyetunukiwa Purple Heart, au Silver Star ambayo ni nishani ya ushujaa, anaweza kuzikwa ardhini katika makaburi ya taifa ya Arlington. Na beji ya vita husaidia anayedai kuumizwa akili na mapigano, kwa kuwa sheria humlegezea masharti ya ushahidi mtu aliyethibitika kuwa alipigana.

Ndiyo maana wapo wanaoshawishika kuongeza mstari wao wenyewe kwenye nakala ya hati. Usifanye, wala usimruhusu mtu akufanyie. Kughushi hati ya kutoka jeshini ni kosa la jinai la shirikisho, na hati moja iliyochezewa hutia doa hata madai ya kweli.

Kwa kijana anayetoka jeshini sasa, soma kisanduku cha 13 cha DD-214, kinachoorodhesha nishani, kabla ya kutia saini, ukiwa na amri zako zote mkononi. Kurekebisha rasimu ni kazi ya siku moja. Na kwa anayeomba marekebisho leo, usitarajie DD-214 mpya. Kwa kawaida utapokea DD-215, karatasi fupi inayotaja kilichoongezwa au kufutwa, huku hati ya zamani ikibaki ilivyo. Zibane pamoja, utoe nakala kadhaa za zote mbili, na usiwahi kuwasilisha moja bila nyingine.