"Lakini Ilitoka kwa Anwani ya Chuo": Dhana Potofu Kuhusu Barua Pepe za Kitapeli

Nafanya kazi katika kitengo cha kompyuta cha chuo kikuu kimoja hapa Kampala, na mitihani ikikaribia huwa najua nitaambiwa nini hata kabla mtu hajaketi: "Lakini ilitoka kwa anwani ya chuo." Mhadhiri atasema hivyo, karani wa msajili atasema hivyo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye hivyo hivyo. Nywila imeshatolewa, akaunti imeshatekwa, na utetezi ni kwamba anwani iliishia na .ac.ug. Nimechoka kuusikia, kwa hiyo nitaanza nao.

Jina linaloonekana juu ya barua ni maandishi tu. Yeyote anaweza kufungua akaunti ya bure na kujiita "Ofisi ya Mhasibu Mkuu". Kwenye simu ndiyo hatari zaidi, maana programu nyingi huonyesha jina peke yake, na anwani yenyewe huioni mpaka uguse jina hilo. Halafu anwani nayo hughushiwa, hasa pale kikoa (jina la taasisi mtandaoni, kama chuo.ac.ug) kilipowekewa DMARC, yaani maagizo kwa seva zinazopokea kuhusu barua zisizothibitika, ya kutazama tu bila kuagiza barua bandia zikataliwe.

Lakini kinachotuumiza vyuoni ni kile watu wasichokifikiria kabisa: anwani ni ya kweli, mwenye nayo ni mwenzako unayemfahamu, ila aliyeketi ndani ya akaunti hiyo ni mwingine. Mambo huanza hivi. Ijumaa jioni mhadhiri anapokea ujumbe kwamba kikasha chake kimejaa na barua zitaanza kufutwa. Anabofya, anaona ukurasa unaofanana kabisa na ule anaoingilia kila siku, anaandika nywila. Hakuna kinachoibwa siku hiyo. Tapeli anaingia kimya kimya, anasoma barua za miezi iliyopita, kisha anaweka kanuni ndani ya kikasha: jibu lolote lenye neno "ulaghai" au "umedukuliwa" lihamishiwe kwenye folda ambayo mwenyewe hafungui kamwe. Baada ya hapo anachagua mazungumzo ya zamani na kuyajibu: "Ndugu zangu, kama tulivyokubaliana, hii hapa orodha ya posho za kusahihisha mitihani. Ingieni mthibitishe namba zenu za simu."

Nani hatabofya? Ujumbe umekaa chini ya maneno yako mwenyewe. SPF na DKIM, yaani vipimo vya kuhakiki kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa husika, zinapita, kwa sababu barua imetoka kweli kwenye seva ya chuo. Chujio nalo mara nyingi linairuhusu. Anayeniambia kwamba alikagua anwani akaikuta sahihi anasema kweli, na ukaguzi huo haukumsaidia kitu.

Kwa hiyo angalia barua inakutaka ufanye nini. Ikikutaka uandike nywila kupitia kiungo chake, iache hapo hapo, hata kama imetoka kwa mkuu wa kitivo. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya chuo, uingie. Kama kikasha kimejaa kweli, utakuta onyo huko ndani. Ikihusu pesa, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua.

Na tafadhali, jifunzeni kusoma anwani ya tovuti. Chukua hii: https://chuo.ac.ug.hakiki-akaunti.com/ingia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzo, kisha soma kurudi kushoto. Unakutana na .com, halafu hakiki-akaunti. Huyo ndiye mwenye tovuti. Hilo chuo.ac.ug la mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia kidole mpaka anwani nzima ijitokeze. Ushauri ninaoupenda kuliko wote ni kutumia programu ya kuhifadhi nywila: hiyo hailinganishi sura za kurasa, inalinganisha kikoa. Ikikataa kujaza nywila kwenye ukurasa unaodhani unaujua, simama.

Dhana nyingine potofu hazihitaji maneno mengi.

"Kuna alama ya kufuli." Kufuli linasema mawasiliano yamefichwa njiani. Halisemi unayewasiliana naye ni mwaminifu. Vyeti vya kufuli hutolewa bure, na matapeli wanavyo.

"Ningeona makosa ya lugha." Zamani labda. Leo programu za akili mnemba zinaandika kwa ufasaha kuliko matangazo yetu mengi halali.

"Mimi mwanafunzi tu, wataniibia nini?" Wataiba jina lako. Akaunti yako itawatumia wenzako ujumbe kwamba walipe salio la ada kwa namba fulani ya pesa za simu ili wapate kibali cha mtihani, na watakaolipa ni wale walio na hofu zaidi.

"Nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili." Vizuri sana, na ambaye hajawasha awashe leo. Ila ukurasa bandia unaweza kupokea msimbo wako na kuupeleka kwenye ukurasa halisi papo hapo. Na hakuna mtu wa kitengo chetu atakayekuomba msimbo huo, si kwa simu wala kwa WhatsApp.

"Nimebadilisha nywila, yamekwisha." Hayajaisha. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, futa kanuni usizozitambua kwenye kikasha, kagua kama barua zako zinapelekwa kwingine, na hakikisha namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yako. Kisha tuambie, hata kama unaona haya. Wengi wanakaa na siri hiyo siku nzima nzima huku wenzao wakinaswa mmoja baada ya mwingine. Kama ndani ya kikasha kulikuwa na alama au nakala za vitambulisho vya wanafunzi, jambo si lako peke yako: Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inakitaka chuo kiiarifu mamlaka mara moja, na chuo hakiwezi kuarifu kisichokijua.

Unapotuletea, usiifute barua yenyewe, wala usitupigie picha ya kioo cha simu. Itume kama kiambatisho, ili vichwa vyake vyote (maelezo yaliyofichwa ya safari ya barua) vibaki na tuone imepita seva zipi. Ikiwa hujui kufanya hivyo, iache ilipo, njoo na simu yako ofisini.