Wachunguzi wa Siri katika Malimwengu Sambamba: Dhana Potofu na Ukweli

Kazi yangu ni kusoma miswada ya bunilizi za kisayansi kabla haijafika kwa mchapishaji, na mhusika mmoja hurudi kwangu kila mara akiwa amebadilishwa jina tu: mgeni kutoka ulimwengu sambamba, yaani Dunia nyingine inayofanana na hii yetu lakini yenye historia yake, aliyetumwa kuishi miongoni mwetu kwa siri, anayekaa barazani akinywa kahawa na majirani, na ambaye tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho haachi alama yoyote alipopita. Nikimuuliza mwandishi kwa nini mhusika huyu hafanyi lolote, hunijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, kwamba huyo ni mtazamaji tu na sheria za kwao zinamkataza kuingilia mambo ya watu. Jibu hilo nimechoka kulisikia, ndiyo maana dhana iliyo nyuma yake naitanguliza na kuipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Dhana: Mtazamaji anaweza kuishi na watu bila kuwabadilisha

Katika kazi zilizoujenga utanzu huu, katazo la kuingilia huwekwa ama ili livunjwe, ama ili msomaji aone gharama ya kulitii. Halijawahi kuwa ruhusa ya mhusika kukaa bure. Arkady na Boris Strugatsky, ndugu wawili wa Urusi ya enzi ya Kisovieti, walichapisha mwaka 1964 riwaya ya Ni Vigumu Kuwa Mungu, ambamo kijana kutoka Dunia anaishi katika ufalme wa Arkanar, kwenye sayari nyingine, akijifanya mwungwana aitwaye Don Rumata. Ameagizwa kutazama historia ya watu wale ikijiendea. Lakini mwungwana hana budi kutumia fedha, na dhahabu yake hutengenezwa na mashine iliyomo nyumbani mwake. Don Reba, mwenye nguvu katika ufalme ule, anagundua kwamba dhahabu hiyo ni safi kupita uwezo wa mikono ya binadamu, na tena amekwisha kupata habari kwamba Rumata wa kweli alifariki miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kabla kijana huyu hajachomoa upanga kwa hasira, kuwapo kwake peke yake kumekwisha kubadilisha hesabu za mtawala katili, ambaye sasa anamwogopa na anatafuta kupatana naye. Sarafu zilimfichua, na sarafu hakuwa na namna ya kuziepuka.

Anayedhani kwamba hayo ni ya riwayani tu na atazame yaliyotokea Marekani mwishoni mwa mwaka 1954. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipenyeza watazamaji wa siri katika kikundi kidogo cha waumini, karibu na mji wa Chicago, waliosadiki kwamba gharika ingekuja tarehe 21 Desemba na kwamba viumbe wa sayari nyingine wangewaokoa. Ili wakubaliwe, baadhi ya watazamaji walibuni visa, na mmoja wao alisimulia ndoto ya maji mengi na mtu wa ajabu aliyemwinua asizame. Waumini hawakukiona kisa hicho kuwa cha kawaida. Walikipokea kama ishara kwamba walinzi wao wa mbinguni walikuwa wakiwaletea watu, na imani yao ikazidi kukomaa. Safari nyingine mtazamaji alishinikizwa aongoze kikao, naye kwa kutaka kukwepa akapendekeza watu wakae kimya na kutafakari, na ukimya huo nao ukawa tukio. Kitabu chao kilichotoka mwaka 1956 kinakiri athari hizo waziwazi. Hao walikuwa wanasayansi waliojifunza kutoingilia, na waliokaa kwa majuma machache tu. Mhusika wa mswada ninaoletewa anakaa miaka ishirini, anaoa, anazika, anakopesha na kukopa, halafu mwandishi anataka niamini kwamba hajagusa kitu.

Kinachonikera zaidi ni pacha wa dhana hiyo, yaani imani kwamba usiri ni adabu: kwamba wageni hujificha kwa kuwaheshimu wenyeji. Mwaka 1865 idara ya upimaji ardhi ya Waingereza nchini India ilimtuma Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka milima ya Kumaon, aingie Tibet akiwa amejigeuza mfanyabiashara na mhujaji. Tasbihi yake ilikuwa na punje 100 badala ya 108 za Kibudha, ili kila punje ihesabu hatua mia moja, na maandishi yake aliyaficha ndani ya gurudumu la sala. Alifika Lhasa, mji mkuu wa Tibet, Januari 1866. Wenyeji waliokutana naye njiani walimwona mcha Mungu, kumbe alikuwa akipima nchi yao kwa ajili ya ofisi wasiyoijua. Ramani zilitangulia, jeshi la Waingereza liliingia Lhasa mwaka 1904. Sisemi kwamba punje za tasbihi ndizo zilizoleta bunduki, lakini mwandishi anayemfanya mtazamaji wa siri kuwa mtu mwema kwa sababu tu ni mpole na anaandika daftari, na atueleze daftari hilo linasomwa na nani.

Mmarekani H. Beam Piper alilijua swali hilo mapema. Kuanzia mwaka 1948 aliandika mfululizo wa hadithi kuhusu polisi wanaovuka kutoka Dunia moja hadi nyingine iliyo sambamba nayo, wakijichanganya na wenyeji kwa mavazi na lugha yao. Jamii iliyowatuma imemaliza maliasili ya ulimwengu wake na inaishi kwa kuchota za wenzao wasiojua lolote. Siri inalindwa kwa ukali ili uchotaji uendelee. Hapo ndipo utanzu unapokuwa na meno.

Ushauri wangu, ambao waandishi wangu wameuchoka na bado nitaurudia, ni huu: kabla ya sura ya kwanza, andika ripoti mbili za mtazamaji wako kwa waliomtuma, ya kwanza na ya mwisho. Amua nani anazipokea, nani anamlipa, na atafanywa nini akinyamaza. Kama ripoti hizo mbili zinafanana sauti, huna hadithi, hata kama mashine ya kuvukia umeichora vizuri namna gani. Piper huyohuyo aliwahi kuandika hadithi nzima kwa barua na taarifa za maofisa tu. Ilitokana na kisa cha kweli cha Benjamin Bathurst, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyetoweka katika mji wa Perleberg, Ujerumani, Novemba 1809. Katika hadithi anaangukia ulimwengu usiomjua mtawala aitwaye Napoleon, na maofisa wanaandikiana kuhusu kichaa huyu ambaye huenda ni jasusi. Woga, kiburi na uvivu wa waandikaji vinaonekana katika kila barua bila msimulizi kuongeza neno.

Dhana: Fizikia imekwisha kuthibitisha safari hizi

Haijathibitisha. Mwanafizikia Hugh Everett alitoa mwaka 1957, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Princeton, pendekezo kwamba ulimwengu hugawanyika katika matawi mengi, kama njia ya kuitafsiri milinganyo ya fizikia ya kwantumu, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, na mwanafizikia mwenzake Bryce DeWitt akalieneza mwaka 1970 kwa jina la malimwengu mengi. Baadhi ya wanafizikia wanalikubali na wengine wanalikataa, na hakuna jaribio lililowaamua. Lakini hata ukilikubali lote, pendekezo lenyewe linasema kwamba matawi yakishaachana hayapelekeani habari, sembuse mtu mwenye sanduku la nguo. Mlango wa kuvukia ni wa mwandishi, si wa Everett, na mwandishi hana haja ya kuuombea kibali kwa aya tatu za fizikia iliyonakiliwa.

Dhana: Yote yalianza na televisheni ya Marekani

Katazo la kuingilia lilipata umaarufu kupitia Star Trek, mfululizo wa televisheni kuhusu safari za anga, ambako lilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Wakati huo riwaya ya akina Strugatsky ilikuwa na miaka mitatu na polisi wa Piper karibu ishirini. Mwandishi Murray Leinster alikuwa amezigonganisha Dunia sambamba katika jarida mwaka 1934, na mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliwapeleka Waingereza katika Dunia pacha mwaka 1923.

Dhana: Hizi ni hadithi za majini zilizovikwa mashine

Hii husemwa zaidi na wasomaji wa pwani, na ninaelewa kwa nini, maana sote tumekua tukisikia habari za jini aliyeoa binadamu au aliyekaa sokoni kama mchuuzi. Ila jini hana ofisi. Halazimiki kueleza alivyofika, hana mkuu wa kazi, na masharti yake ni ya kwake mwenyewe. Mchunguzi wa siri ni mtumishi wa taasisi, na utisho wake unatoka huko. Wala si kila msafiri kati ya malimwengu ni mchunguzi: Dzombo, mhusika katika riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, anafika ulimwengu mwingine baada ya kuhukumiwa kwao, na hakutumwa na mtu kupeleleza.

Dhana: Sayari ya mbali na ulimwengu sambamba ni kitu kimoja

Nimeitumia Arkanar hapo juu ingawa iko katika sayari ya mbali, kwa sababu katika suala la katazo tofauti haina uzito. Katika ujenzi wa mandhari uzito upo, tena mkubwa. Katika ulimwengu sambamba milima, mito na pepo za kusi na kaskazi ni zilezile, na kinachotofautiana ni historia tangu siku malimwengu hayo yalipoachana. Siku hiyo mwandishi lazima aichague mwenyewe na aifuatilie hadi jikoni. Juzi nimerudisha mswada ambao malimwengu yake yaliachana kabla ya mwaka 1498, hivyo Vasco da Gama hakufika Mombasa wala Malindi, na hakuna meli ya Ulaya iliyovuka bahari kwenda Amerika wala kuja huku. Lakini mchunguzi anashuka Lamu ya huko na kukaribishwa ugali wa mahindi, muhogo wa kukaanga na kachumbari ya nyanya. Mazao hayo matatu asili yake ni Amerika. Nimemwandikia mwandishi apike mtama, wali na samaki, na pilipili kali nayo aiondoe.