Muhuri wa Pasipoti Hauingizi Gari: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuvuka Mpaka kwa Gari la Safari Ndefu

Msafiri anayevuka mpaka kwa gari lake mwenyewe, hasa gari kubwa lililoundwa kwa safari za miezi mingi likiwa na kitanda, jiko na matangi ya maji ndani yake, huulizwa maswali mawili yanayotoka katika sheria mbili tofauti. La kwanza ni la uhamiaji: huyu ni nani, na ataruhusiwa kukaa kwa muda gani? La pili ni la forodha: mali hii inayoingia nchini bila kulipiwa ushuru itatoka lini, na nani atawajibika isipotoka? Sehemu kubwa ya upotofu unaosambaa miongoni mwa wasafiri inatokana na kulijibu swali la kwanza na kudhani kwamba la pili limejibiwa pia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba pasipoti ikishagongwa muhuri, gari nalo limeingia. Ukweli ni kwamba muhuri huo unamhusu mtu peke yake. Machoni pa forodha, gari ni bidhaa kutoka nje, na aliyelileta akiondoka mpakani bila kukamilisha taratibu za kuliingiza kwa muda pale zinapotakiwa, anaweza kuhesabiwa kuwa ameingiza bidhaa kimagendo hata kama viza yake haina dosari. Isitoshe, muda wa mtu na muda wa gari mara nyingi haulingani. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, ilhali gari lake binafsi lililosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida linaweza kubaki humo miezi 6. Kwingineko hali huwa kinyume chake: viza inaongezwa muda, na msafiri anasahau kwamba kibali cha gari hakikuongezwa pamoja nayo, kwa kuwa kinashughulikiwa na ofisi nyingine kabisa. Muda wa gari ukipita, linaweza kuzuiliwa, mmiliki akatozwa faini au akadaiwa ushuru kamili. Tarehe za kukumbuka ni mbili, na ningeshauri ziandikwe zote mahali zinapoonekana kila siku.

Kuhusu hati inayojulikana kimataifa kama Carnet de Passages en Douane, ambayo wengi huiita kaneti, kuna dhana mbili zinazopingana na zote hazina msingi. Wapo wanaosema kwamba kaneti ni kibali cha kuingia popote, na wapo wanaosema kwamba hakuna safari ndefu ya gari inayowezekana bila hiyo. Kaneti si kibali cha kuingia, si bima, wala haichukui nafasi ya kadi ya gari. Ni dhamana. Hutolewa na vyama vya magari vilivyo katika mtandao wa shirikisho la kimataifa la magari, FIA, na msingi wake umo katika mikataba ya forodha, ukiwemo ule wa New York wa mwaka 1954 na ule wa Istanbul wa mwaka 1990. Chama kinaihakikishia serikali ya nchi inayotembelewa kwamba gari lisipotoka, ushuru utalipwa. Kisha chama chenyewe kinamgeukia mwenye gari na kumdai. Ndiyo maana kiasi cha dhamana anachotakiwa kuweka msafiri hutegemea thamani ya gari na nchi anazokusudia kupita, na ndiyo maana mwenye lori la gharama kubwa hupaswa kulifikiria jambo hili mapema kuliko mwenye gari dogo lililochakaa. Misri, India na Pakistani ni miongoni mwa nchi zinazofahamika kwa kuidai, lakini katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini forodha hutoa kibali cha muda papo hapo mpakani, na msafiri wa huko anayelipia kaneti anatumia fedha bila sababu.

Inafaa kuelewa namna kaneti inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. Kila ukurasa una sehemu tatu: moja hukatwa na kubaki kwa forodha wakati wa kuingia, ya pili hukatwa wakati wa kutoka, na ya tatu hubaki kitabuni ikiwa na mihuri yote miwili. Msafiri anayefika mpakani usiku, akakuta dirisha la forodha limefungwa na askari wa lango akamruhusu kupita, hufurahi kwamba amevuka bila usumbufu. Kumbe kwa mujibu wa kumbukumbu za nchi aliyoiacha gari lake halijatoka, na dai la ushuru linaweza kukifikia chama chake muda mrefu baada ya safari kwisha. Lipo suluhisho, yaani kulipeleka gari mbele ya maofisa wa forodha wa nchi nyingine au wa nyumbani ili wathibitishe kwa maandishi kwamba wameliona kwa macho yao, lakini ni suluhisho lenye safari ndefu ya barua. Kusubiri ofisi ifunguliwe asubuhi ni nafuu zaidi. Vivyo hivyo, gari likiibwa au kuungua, deni la forodha halifutiki lenyewe. Ripoti ya polisi ni mwanzo tu wa maelezo.

Wengine hudhani kwamba gari likishaingia kihalali, mwenyewe yuko huru kulifanyia atakalo. Uingizaji wa muda una masharti. Gari haliuzwi wala kukodishwa, na mara nyingi haliazimwi kwa mkazi wa nchi hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, msamaha wa ushuru kwa gari lililoingizwa kwa muda umekusudiwa kwa kawaida watu wanaoishi nje ya Umoja. Msafiri akilazimika kurudi nyumbani kwa ndege kwa sababu ya msiba au ugonjwa na kuliacha gari, zipo nchi zinazomtaka kwanza alikabidhi kwa forodha au aliweke katika ghala lililo chini ya uangalizi wake, na nyingine huandika taarifa za gari ndani ya pasipoti ili asiweze kuondoka bila hilo. Aidha, ikiwa kadi ya gari ina jina la mwenzi, rafiki au kampuni, kufahamiana hakutoshi. Inahitajika idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili, na ni vyema iwe imetafsiriwa katika lugha inayosomwa huko.

Kwa upande wa leseni, si kweli kwamba leseni ya kimataifa inachukua nafasi ya leseni ya kawaida. Ni tafsiri rasmi inayoambatana nayo, na bila leseni yenyewe haina nguvu. Iko zaidi ya aina moja: ile ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa mwaka 1949 hudumu mwaka 1, na ile ya mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 inaweza kudumu hadi miaka 3, na nchi mbili zinazopakana zinaweza kutambua aina tofauti. Haiongezi daraja la leseni pia, yaani aina ya magari ambayo mtu anaruhusiwa kuendesha. Chini ya mkataba wa Vienna, daraja B linaishia kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 3,500, na magari mengi ya safari ndefu yanauvuka uzito huo mara tu yanapojazwa maji, mafuta na vifaa.

Bima ya nyumbani nayo haivuki mpaka yenyewe. Ipo mifumo ya kikanda, kama Kadi ya Kijani ya Ulaya na nchi jirani zake, Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Kadi ya Kahawia ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, lakini inahusu madhara anayofanyiwa mtu mwingine, si gari la msafiri mwenyewe.

Kwa kuwa gari ni nyumba ya kulala, wapo wanaoamini kwamba ofisa hana haki ya kulipekua. Mpakani, forodha ina mamlaka mapana, na nyumba yenye magurudumu hukaguliwa kama mzigo mwingine. Umoja wa Ulaya huwazuia wasafiri kutoka nchi nyingi zisizo wanachama kuingiza nyama na bidhaa za maziwa. Moroko haitaki droni. India hairuhusu simu za setilaiti bila kibali. Australia hukagua hata udongo ulioganda chini ya gari linaloshushwa bandarini. Mafuta nayo yana sheria yake: gari binafsi linaloingia Umoja wa Ulaya husamehewa ushuru wa mafuta yaliyomo katika tangi la kawaida, pamoja na lita 10 katika chombo cha kubebeka. Tangi la ziada ambalo mmiliki amelifunga baadaye halihesabiwi kuwa la kawaida.

Dhana ya mwisho ni kwamba barabara inayoonekana kwenye ramani inapitika. Kati ya Panama na Kolombia hakuna barabara kabisa katika msitu wa Darién, na gari husafirishwa kwa meli. Mpaka wa nchi kavu kati ya Algeria na Moroko umefungwa tangu mwaka 1994. China huyataka magari ya kigeni yapate mipango na vibali vya muda kabla ya kufika. Pia kuna vituo vinavyopokea watu lakini havina ofisa wa kushughulikia gari la kigeni, na jambo hilo halionyeshwi na ramani yoyote. Hivyo, kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka, msafiri mwenye viza ya kuingia mara moja tu ahakikishe kwamba kituo cha upande wa pili kitaipokea pasipoti yake na gari lake pia. Akishatoka rasmi na kukataliwa mbele, hana tena ruhusa ya kurudi nyuma.