Je, wajua kwa nini alama zilezile hushinda Wyoming na kushindwa New Jersey?

Chukua wanafunzi wawili wa darasa la 11 nchini Marekani. Mwezi Oktoba wote wawili wanafanya mtihani wa PSAT, ambao ni wa matayarisho kabla ya ule wa kuingia chuo, na wote wanapata 214. Mmoja anasoma Wyoming, mwenzake New Jersey. Septemba ya mwaka unaofuata, wa Wyoming anaambiwa ameingia nusu fainali ya National Merit, shindano la ufadhili wa masomo ya chuo lililoanzishwa mwaka 1955. Wa New Jersey anapata barua ya pongezi, na safari yake inaishia hapo.

Hakuna aliyedanganya wala kukosea kusahihisha. Tofauti ni mahali shule ilipo.

Kila mwaka wanafunzi takriban milioni 1.3 huingia katika shindano hili, na nafasi za nusu fainali ni kama 16,000 tu. Nafasi hizo hazishindaniwi na nchi nzima kwa pamoja. Kila jimbo hupewa fungu lake kulingana na idadi ya wanafunzi wanaomaliza sekondari humo. California, yenye watu wengi, hupata kama 2,000, na Wyoming hupata chache mno. Kisha katika kila jimbo wanaanza kuhesabu kutoka juu, 228, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, wakishuka hadi fungu lijae. Pale wanaposimama ndipo panakuwa alama ya mwisho ya jimbo hilo kwa mwaka huo.

Kwa hiyo hakuna alama ya kufaulu iliyopangwa mapema. Unafanya mtihani Oktoba, na mstari unachorwa baadaye, kwa kutegemea jirani zako wamefanya nini. New Jersey imejaa wazazi waliosoma sana, wanaofanya kazi New York na Philadelphia, na shule zao zina kila kitu. Miaka ya karibuni mstari wao umekuwa 223 au zaidi. Katika majimbo yaliyo chini kabisa umekuwa ukikaa karibu na 208 au 210. Pengo hilo ni kubwa mno kwa mtihani ambao watoto wa juu hutofautiana kwa swali moja au mawili.

Msomaji wa Kenya hatashangaa sana. Nafasi za shule za kitaifa ziligawiwa kwa kaunti kwa hoja hiyohiyo: mtoto apimwe na wenzake waliokulia mazingira kama yake. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ya haki, ingawa nakiri inamuumiza mtoto maskini anayeishi ndani ya jimbo la matajiri. Yeye hupimwa na jirani ambaye hakufanana naye kwa lolote ila anwani. Na kuna jambo la ajabu zaidi: raia wa Marekani anayesoma nje ya nchi, kwa mfano katika shule ya kimataifa Nairobi au Dar es Salaam, hupimwa kwa mstari wa jimbo lililo juu kuliko yote.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zinapopoteza nafasi bila kujua. PSAT ina sehemu mbili, kusoma na kuandika Kiingereza, na hisabati, kila moja ikiishia 760. Lakini National Merit haijumlishi tu. Huchukua alama ya Kiingereza mara mbili, huongeza hisabati, kisha hugawanya kwa 10.

Tazama maana yake. Mtoto aliyepata Kiingereza 760 na hisabati 720 ana jumla ya 1480, na hesabu ya shindano inampa 224. Mwenzake aliyepata Kiingereza 720 na hisabati 760 naye ana 1480, ila anapewa 220. Mwaka ambao mstari wa jimbo ni 223, wa kwanza ameingia, wa pili amebaki nje. Mtoto wa familia ya Kikongo aliyefika Kentucky au Texas akiwa na miaka kumi, akizungumza Kiswahili nyumbani, mara nyingi ndiye huyo wa pili: hisabati anaimudu, Kiingereza bado kinamvuta chini, na kinamvuta mara mbili. Akiniuliza aongeze bidii wapi, nitamwambia asome, asome tena, kuliko kurudia hesabu anazozijua.

Baada ya nusu fainali mlango hupanuka. Mwanafunzi huandika insha, shule yake humpendekeza, alama zake za darasani hukaguliwa, na takriban 15,000 hufika fainali. Lakini ni kama nusu yao tu wanaopata fedha. Kuna tuzo za dola 2,500 zinazotolewa mara moja. Kuna za makampuni, nyingi zikiwa kwa watoto wa wafanyakazi wao. Na kuna za vyuo, ambazo humpata tu yule aliyekitaja chuo hicho kuwa chaguo lake la kwanza. Vyuo vingine, kama University of Alabama, humlipia ada aliyefika fainali. Harvard na Yale havitoi ufadhili wa kushindania alama. Huko msaada hutegemea kipato cha familia.

Kwa kuingia, mwanafunzi awe anasoma sekondari ndani ya Marekani, au awe yule raia anayesoma nje tuliyemtaja, na awe na mpango wa kwenda chuo mara tu amalizapo. Kwa mwanafunzi wa kawaida, mtihani unaohesabiwa ni ule wa darasa la 11 peke yake. Wa darasa la 10 ni wa mazoezi. Mzazi amuulize mshauri wa shule mapema, mara shule zinapofunguliwa, jinsi ya kujiandikisha, na kama kipato ni kidogo aulize pia juu ya msamaha wa ada ya mtihani, kwa sababu upo.